Ndege safi sana ni ya uongo!

Mliopo kijiweni, mliopo ofisini mmejificha nyuma ya mafaili, na wewe unayesoma gazeti la kuazima, wote nawasalimu. Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya mama mwenye nyumba. Leo ni ndege. Tena si ndege ya kupanda, maana nauli zake tunazijua wenyewe. Ni ndege ya kupaka rangi, na gereji yenyewe ipo Magu, njia ya Musoma, ukishapita Kisesa na Nyanguge.

Usicheke. Sikiliza kwanza.

Kuna gemu za kompyuta za kurusha ndege. Sizungumzii zile za kutungua adui na kuhesabu pointi. Hizi ni za kurusha kikwelikweli: unawasha injini kwa utaratibu, unaangalia upepo, unaangalia mafuta, na ukizembea unadondoka kama embe bovu. Mkongwe wao ni Flight Simulator, kazi ya Mmarekani Bruce Artwick. Ilianza kwenye kompyuta za Apple II mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1982 Microsoft wakaitoa kwa ajili ya kompyuta za IBM. Enzi hizo ndege na uwanja vilikuwa vijistari tu, mengine unakisia mwenyewe. Siku hizi dunia nzima imo humo. Ipo X-Plane, ipo FlightGear ambayo ni ya bure, na Microsoft nao Agosti 2020 walitoa toleo lililojengwa kwa picha za setilaiti.

Ukiitafuta Mwanza humo unaipata. Uwanja upo, andika HTMW. Ziwa lipo linang'aa. Kasheshe ni ndege zenyewe. Nyingi zinazokuja na gemu ni nyeupe pee, au zina majina ya mashirika ya watu wa mbali. Unaruka juu ya ziwa lenu, kwenu kabisa, ndani ya ndege ya wenyewe. Twiga wetu hayupo mpaka mtu fulani, mahali fulani, akae chini amchore.

Mmoja wa watu hao ni mpwa wangu. Mchana anatengeneza simu kwenye kibanda chake Magu mjini. Usiku, umeme ukiwepo, anachora ndege kwenye kompyuta ya mtumba yenye feni inayolia kama mashine ya kusaga. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali. Nimefika jioni, "Mwadila, mjomba," "Mhola, dogo," chai ikaletwa, halafu akanigeuzia kioo cha kompyuta. Bwana we! Nikaona Caravan, kile kindege cha injini moja, kimepaki, na chini ya tumbo kina vumbi jekundu. Nikamwambia, "Mbona umeichafua?" Akanijibu kwa upole kama mwalimu wa chekechea: "Mjomba, ndege safi sana ni ya uongo."

Basi nikavuta kiti. Ngoja niwape somo nililopewa, maana nimeona ni somo la zaidi ya gemu.

Ndege ndani ya gemu ni umbo tupu, kama lile sanamu la dukani lisilovaa nguo. Kinacholivika nguo ni picha bapa. Wenyewe wanaiita skini, yaani ngozi. Ubavu wa kushoto umetandazwa juu, wa kulia chini, mabawa kando, mkia kwenye kona, sawasawa na fundi cherehani alivyotandaza vipande vya gauni mezani kabla ya kushona. Unachora kwenye vipande, gemu inashona. Unaweza kutumia GIMP, programu ya bure ya picha. Kila kitu unakiweka kwenye tabaka lake: rangi ya chini tabaka moja, maandishi jingine, mistari ya mabati jingine, uchafu jingine juu kabisa. Ukikosea uchafu unafuta uchafu peke yake, twiga wako anabaki salama.

Mtego wa kwanza uko kwenye maumbo ya zamani, ambayo kipande kimoja cha picha kinavikwa pande zote mbili ili kompyuta isichoke. Upande wa kushoto umeandika 5H, herufi za ndege zote zilizosajiliwa Tanzania, zimekaa bomba. Unazunguka upande wa kulia, unakuta maandishi yamegeuka kama unayasoma kwenye kioo cha kinyozi! Hapo huna ujanja, inabidi utafute umbo lenye kipande cha kila upande.

Na hapo hapo kuna bendera. Ya kwetu ina kijani juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa pili, na mshazari mweusi wenye kingo za njano katikati. Kawaida ya ndege nyingi ni kwamba upande wa mlingoti unatazama pua, pande zote mbili, kana kwamba bendera inapepea ndege ikienda mbele. Maana yake ubavu wa kulia bendera inaonekana imegeuzwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wajuaji huwa wanakuja juu: "Dogo umechemsha, bendera umeiweka kinyume!" Anawaacha. Anawaambia waende Airport Mwanza wakaangalie zinazotua.

Mtego wa pili ni ushamba wa kutaka kuonyesha kila kitu. Tuseme una Boeing 737-200, urefu wake mita 30 na nusu hivi. Ukiitandaza kwenye picha yenye upana wa pikseli 1024, kila pikseli moja inabeba kama sentimita 3 za ndege. Kichwa cha ribiti halisi hakifiki hata sentimita moja. Kwa hiyo yule anayekesha akichora nukta kwa kila ribiti, ndege yake inatoka imeshonwa kwa vizibo vya soda! Kwa mbali unadhani ina surua. Dawa ni mstari mwembamba uliofifia, jicho la mtazamaji linajazia lenyewe. Unaweza kutumia picha ya pikseli 4096, hapo kila pikseli ni kama milimita 7 na nusu, lakini pikseli zote zinakuwa mara 16 ya zile za mwanzo, na kompyuta ya mtumba itakuomba talaka.

Rangi nyeupe nayo ina siri. Ukimwaga nyeupe kali kabisa, ile ya mwisho, jua la kwenye gemu likipiga hakuna pa kuongezea mwanga, ndege inakuwa kama karatasi. Unashusha kidogo, nyeupe ya maziwa. Na kuna picha ya pili ya kijivu inayoiambia gemu wapi pang'ae na wapi pasing'ae. Ukipaka vumbi halafu ukalisahau kwenye picha hiyo, vumbi lako linameremeta kama kiatu cha bwana harusi. Vumbi la wapi hilo?

Sasa tuje kwenye uchafu wenyewe, ndipo penye utamu.

Vijana wengi wakitaka ndege ionekane ya kweli wanachukua brashi ya kahawia wanapaka kote kote, kama mtoto aliyeanguka kwenye tope. Mpwa wangu anasema uchafu una kwao. Kila doa lazima lijibu swali moja: limetoka wapi? Ile Caravan, bomba lake la moshi linatokea chini ya pua upande wa kulia. Kwa hiyo masizi yanalala ubavu wa kulia chini, yakirudi nyuma kwa mwendo wa upepo. Ukipaka masizi pande zote mbili umechemsha, hujawahi kuiangalia Caravan. Vumbi jekundu linakaa tumboni na nyuma ya magurudumu, kwa sababu ndege kama hizo zinatua viwanja vya udongo vya Serengeti kama Seronera. Michirizi ya moshi na oili inakwenda nyuma, kwa kuwa ilichorwa angani. Michirizi ya mvua inashuka chini, kwa kuwa ilichorwa ndege ikiwa imepaki. Na mbele ya mabawa na kwenye vioo weka madoa madogo madogo: ni vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda juu kama moshi wa kuni. Aliyekaa Mwanza anavijua, vinaingia mpaka kwenye ugali.

ATR na Dash 8 zina mipira myeusi mbele ya mabawa. Kazi yake ni kujaa hewa na kupasua barafu inayoganda huko juu. Wengine wanaifuta wakidhani nchi ya joto haiihitaji. Nani kakwambia huko juu kuna joto? Iache nyeusi, tena ipauke kidogo.

Nikamuuliza haya yote alijifunzia wapi. Nilidhani atanitajia chuo. Akaniambia alijifunza mwaloni, kwa mzee mmoja anayepaka rangi mitumbwi na kuiandika majina. Mzee huyo hajawahi kushika kompyuta. Lakini ndiye aliyemwonyesha kwamba nyekundu ndiyo inayowahi kupauka juani, kwamba rangi inaanza kubanduka pale kamba inaposugua na pale mkono wa mvuvi unaposhika kila siku, na kwamba mtumbwi usio na alama hata moja ni mtumbwi ambao haujaenda kazini. Dogo akahamishia ndege: rangi inachakaa kwenye mlango wa mizigo, kwenye ngazi, kwenye kifuniko cha mafuta. Pale mikono inapofika. Nikatulia. Kumbe fundi wa kompyuta na fundi wa mtumbwi ni mtu mmoja, tofauti ni feni tu.

Sasa usidhani hii ni michezo ya watoto. Kuna kitu kikubwa hapa.

Mwaka 1977 East African Airways ilivunjika, na mwaka huohuo tukaanzisha Shirika letu la Ndege, ATC, na twiga wake. Likapata Boeing 737-200 za aina inayobadilika, leo abiria kesho mizigo, kwa hiyo zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavu wa kushoto karibu na mbele. Moja kati ya safari zilizotangazwa sana duniani ilianzia hapa hapa: tarehe 26 Februari 1982, Boeing 737 ya ATC iliyotoka Mwanza kwenda Dar ilitekwa na watu waliokuwa wakitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, hadi Stansted, Uingereza, ndipo watekaji wakajisalimisha. Hiyo ni historia ya mji wetu. Sasa niambie, wewe kijana wa Kirumba au Nyakato, umewahi kuona picha nzuri ya ndege hizo, ubavu mzima? Mimi pia nilizipanda kwa kusikia tu.

Dogo alipotaka kuchora 737 hizo ilibidi awe mpelelezi. Akawa anazungukia wazee waliowahi kusafiri. Mstaafu mmoja alimtolea picha amesimama kwenye ngazi ya ndege na suti yake, tabasamu mpaka masikioni. Ndege yenyewe imeonekana mlango na madirisha matatu tu! Lakini dogo akashukuru. Kwa madirisha hayo matatu akapima herufi zinaanzia wapi na zina urefu gani, maana madirisha yako sawasawa kwa kila ndege ya aina hiyo, ni rula ya bure. Picha nyingine ilikuwa na mkia. Nyingine ilikuwa ya harusi, ndege kwa mbali nyuma ya shangazi. Kipande kwa kipande, miezi minne. Alipomaliza akachora na mstari wa ule mlango wa mizigo, kitu ambacho wengi wanakisahau, halafu akapaka masizi nyuma ya injini, maana zile injini za zamani zilikuwa zinatoa moshi mweusi kama lori la pamba.

Yule mstaafu aliitwa kuja kuona. Akaivaa miwani, akaangalia muda mrefu. Hakusifia rangi. Alisema, "Hapo ndipo nilipokanyaga." Basi.

Ndiyo maana nasema ni kitu kikubwa. Ndege inachakaa, inauzwa, inakatwa vyuma chakavu. Shirika linabadilisha nembo, wanaosimamia wanabadilika. Mwaka 2016 Air Tanzania ilipata Q400 mbili mpya, Julai 2018 ikaja Boeing 787, na Desemba 2018 ikawa ya kwanza Afrika kurusha Airbus A220. Hizo zina picha elfu moja kwenye simu zetu. Lakini zile za kabla ya simu, kumbukumbu yake imo kwenye maalbamu ya wazee, na wazee hawatungoji. Vijana kama hawa wakizichora sawasawa, kuna pa kuzionea. Wakizichora kwa kubuni, watoto wa kesho watakariri uongo wakijua ni kweli.

Na sasa nifike kwenye lililonikosesha usingizi.

Mnaikumbuka tarehe 6 Novemba 2022. ATR 42 ya Precision Air, namba 5H-PWF, ikitoka Dar kwenda Bukoba, iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja. Watu 43 walikuwemo, 19 wakafariki. Wavuvi ndio waliofika mapema na mitumbwi yao. Kanda ya Ziwa nzima tulikuwa msibani, na sisi ambao tulishaifahamu MV Bukoba ya Mei 1996 hatukuhitaji kuelezwa ziwa linaweza kufanya nini.

Miezi kadhaa iliyopita kijana mmoja akamtumia dogo ujumbe. Anataka skini ya ndege hiyo hiyo, namba hiyo hiyo, ili aiangushe kwenye gemu palepale, arekodi video, apate watazamaji. Akataja shilingi laki moja na nusu. Kwa fundi simu wa Magu hiyo si hela ya kuchezea, na kompyuta ile inalilia memori mpya tangu mwaka juzi.

Dogo akakataa. Kijiweni kwao kukawaka moto. Mmoja akasema pesa ni pesa, asipochora yeye atachora mwingine. Mwingine akasema wewe si ndiye unayesema ukweli, ukweli, sasa ajali si ukweli? Hilo la pili ndilo swali zito, jamani, msilipuuze. Kama uchafu ni ukweli, na kumbukumbu ni ukweli, mbona huo ukweli unaukwepa?

Jibu lake aliniambia taratibu, akiwa ameshika kikombe. Alisema ndege hiyo anayo. Aliichora zamani, kabla ya ajali, kwa sababu alikuwa akiiona ikipita. Ipo kwenye kompyuta na mipira yake myeusi, na vijidudu vya ziwani, na michirizi ya mvua. "Mjomba, madoa niliyoweka yote ni ya kazi. Ilikuwa inafanya kazi. Huyo anataka nimwekee doa la watu kufa ili acheke. Hilo siyo doa la ndege, ni la kwake."

Mimi namuunga mkono, na sitafuni maneno. Wapo wanaochunguza ajali kwa kompyuta ili nyingine isitokee, hao waheshimiwe, ile ni kazi. Lakini kumtafutia marehemu watazamaji siyo kumbukumbu. Kuna mtu Bukoba, kuna mtu Mwanza, akiiona namba ile tu moyo unamruka. Swali ni lile lile la masizi ya Caravan: hili doa limetoka wapi, na linamfaa nani? Ukikosa jibu, weka brashi chini.

Haya, kwa wale mlioshaanza kuwashwa mikono, ushauri wangu mfupi. Anzeni na FlightGear na GIMP, zote bure, msikope hela ya mtu. Anzeni na ndege moja mnayoweza kuiona kwa macho, siyo ya kwenye filamu. Piga picha mchana kweupe, maana picha ya jioni itakudanganya rangi. Nembo za mashirika zina wenyewe, kwa hiyo msifungue duka la kuuza twiga wa watu. Wachoraji wengi duniani wanagawa kazi zao bure, na hela inakuja kwa mlango mwingine. Dogo hivi sasa anachorewa oda za kuandika hiace na mabango ya saluni, kwa sababu watu wameuona mkono wake. Memori ya kompyuta ataipata, na hakuna mama wa Bukoba atakayemlaani.

Na hata kama hutaki kuchora ndege, jicho lile litakufaa. Kijana wa mjini anapenda kila kitu kiwe kipya, king'ae, kisiwe na mkwaruzo, kuanzia simu mpaka mchumba. Lakini kilichofanya kazi kina alama, na alama zinasomeka ukiwa na subira. Wiki hii mwangalie mama yako mikono, halafu uniambie kama kuna doa pale lisilokuwa na kwao.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Anayesoma gazeti la kuazima, alirudishe.